Shajara ya karakana ya uani, Kisauni: paa, upepo, taa na kabati la patasi

Banda lipo uani, Kisauni, Mombasa, mita 18 kutoka bodi ya umeme ya nyumba. Kuta ni za mawe ya matumbawe, sakafu ya saruji. Mita 3 kutoka mashariki hadi magharibi, mita 4 kutoka kaskazini hadi kusini. Paa ni mabati ya zamani yenye mteremko mmoja: ukuta wa mashariki una mita 2.4, wa magharibi mita 3. Kazi ya humo ni useremala mwepesi: kukereza miguu ya viti, kuchonga nakshi, kupiga msasa, kupaka vanishi.

Maelekezo mengi ya kuandaa banda la kazi yameandikiwa nchi za baridi, ndiyo maana huanza na hita. Huku kwetu swali ni kinyume: joto litokeje. Hata hivyo hita moja ndogo itahitajika, si ya mtu bali ya patasi. Tutaifikia masika yakianza.

Januari, wiki ya 2: vipimo

Saa 8 mchana, upepo umetulia. Nje kivulini digrii 32, ndani ya banda 38. Bati kwa upande wa ndani: 58. Ukuta wa magharibi ulifika 41 ilipotimia saa 10 na nusu.

Bunduki ya kupimia joto hudanganywa na bati linalong'aa, husoma chini ya ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye bati, subiri dakika 5, pima juu ya tepu.

Namba hizo ndizo zilizoamua mpangilio wa kazi. Aliyesimama kwenye benchi ana bati la digrii 58 mita moja juu ya utosi wake, linamwagia joto kama jiko la mkaa lililopinduliwa. Feni haizuii joto la namna hiyo. Inapeperusha hewa tu. Basi paa kwanza, matundu ya hewa pili, feni tatu, taa nne. Anayeanza na feni huishia kununua feni mbili, na bado anatoka jasho.

Januari, wiki ya 3 na ya 4: paa

Tulifikiria njia tatu: kuweka makuti juu ya bati, kupaka rangi nyeupe, au kutandika foili chini ya bati. Makuti yanapoza vizuri kuliko yote, lakini karakana ina cheche za grainda na mvuke wa thina, na makuti yakishika moto hayasubiri mtu. Yakatolewa. Rangi na foili zikaenda pamoja.

Wengi hudhani bati jipya linalong'aa halipati joto kwa kuwa linarudisha mwanga. Linarudisha kweli, lakini joto dogo linaloingia halitoki, kwa sababu uso wa zinki hautoi joto kwa urahisi. Rangi nyeupe hufanya yote mawili: inarudisha jua na inatoa joto.

Hatua zilikuwa hizi: brashi ya waya kwenye kutu, kuosha kwa maji yasiyo ya chumvi (maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, nayo ikibaki chini ya rangi huivimbisha), siku moja ya kukauka, praima ya mabati, kisha mikono miwili ya rangi nyeupe ya maji. Rangi ya mafuta isipakwe moja kwa moja juu ya zinki. Mafuta yake na zinki hugeuka aina ya sabuni, na baada ya miezi rangi inabanduka kama ganda la kitunguu.

Hesabu ya rangi ilikosewa. Paa pamoja na machomozo yake ni mita za mraba 18; lita moja hufunika kama mita 10; mikono miwili ni lita 3.6, likanunuliwa kopo la lita 4. Kilichosahauliwa ni mawimbi ya bati, yanayoongeza eneo kwa asilimia 10 hadi 15. Mkono wa pili uliishia pembeni na ikabidi kuongeza lita moja.

Foili ya alumini ilipigiliwa chini ya mbao za paa, si juu yake, ili kati ya foili na bati ibaki nafasi ya sentimita 5. Foili ikigusa bati haina faida: joto hupita moja kwa moja, na kwa hewa hii ya chumvi alumini na zinki zikigusana zinakulana. Upande unaong'aa umetazama chini, kwani uliotazama juu hujaa vumbi ndani ya mwaka mmoja na kazi yake inakwisha.

Baada ya hapo, saa ileile na jua lilelile: bati 41, foili kwa chini 35, hewa ya ndani 34.

Ukuta wa magharibi umewekewa kivuli cha fito na makuti mita 1 mbali na ukuta, mahali ambapo cheche hazifiki. Kupaka chokaa ndani na nje kumemalizika pia. Chokaa ya ndani si urembo; itaingia kwenye hesabu ya taa.

Februari, wiki ya 1: matundu

Mombasa ina pepo mbili kuu. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, Kusi kutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi Oktoba. Zote mbili zina mashariki ndani yake, kwa hiyo uamuzi ni mwepesi: hewa iingie chini upande wa mashariki, itoke juu upande wa magharibi. Bahati nzuri ukuta mrefu ndio wa magharibi. Ungekuwa wa mashariki, upepo ungeizuia hewa ya moto isitoke.

Shida ni maleleji, pepo zinapobadilishana na hakuna kinachotikisika. Hapo hewa itatembea kwa tofauti ya joto pekee. Matundu ya kuingilia yako nusu mita kutoka sakafuni, ya kutokea mita 2.6; tofauti ya kimo mita 2.1. Ndani pakizidi nje kwa digrii 4, eneo lililo wazi likiwa mita ya mraba 0.3 chini na 0.3 juu, zinapita kama mita za ujazo 330 kwa saa. Banda lina mita za ujazo 32, hivyo hewa inabadilika mara kumi kwa saa bila senti ya umeme.

Angalizo: tofali la matundu huwa wazi kama nusu tu ya uso wake. Ukitaka mita 0.3 iliyo wazi, jenga 0.6. Wavu wa mbu nao unapunguza sana, ndiyo maana wavu hapa uko kwenye fremu ya mbao inayotolewa asubuhi na kurudishwa jua likikaribia kuzama.

Kujaribu: chetezo chenye ubani kiliwekwa chini ya tundu la mashariki, mlango umefungwa. Moshi ulipanda, ukaelekea magharibi, ukatoka juu. Kwenye pembe ya kusini mashariki ulizunguka papo hapo bila kwenda popote. Pembe hiyo imeachiwa rafu ya mbao. Hakuna atakayesimama pale.

Februari, wiki ya 2: feni, na vilivyokataliwa

Feni ya maji ilipendekezwa na kila mtu aliyepita. Jibu ni hapana. Mashine hiyo inapoza kwa kukausha maji, nayo maji hayakauki kwenye hewa iliyokwisha kushiba. Hewa ya digrii 31 yenye unyevu wa asilimia 75 haiwezi kushuka chini ya 27 kwa njia hiyo, na mashine nzuri itaishusha hadi 28 hivi. Hewa inayotoka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 90: mbao zinavimba, patasi zinaota kutu, vanishi haikauki. Huko bara kwenye ukavu inafaa. Hapa, hata ya bure isiletwe.

Eyakondishana ndogo ya BTU 9,000 inakula kama wati 800 ikiwa kazini. Mlango wa karakana haufungwi, vumbi la msasa linaziba chujio, na mapezi ya ile sehemu ya nje yanaliwa na chumvi. Kwa chumba cha kompyuta tungeijadili.

Feni ya dari ilikataliwa kwa sababu mbili. Mapanga yake yangekuwa usawa wa mita 2.3 hivi, na humu watu wanageuza mbao za mita 3. Ya pili wengi hawaijui hadi waiweke: taa ikiwa juu ya mapanga, kila panga linakata mwanga. Mapanga matatu yakizunguka mara 300 kwa dakika yanakata mwanga mara 15 kwa sekunde, na jicho linaliona hilo waziwazi. Nusu saa ya kuchonga chini yake, kichwa kinauma.

Zilizochaguliwa ni feni mbili za ukutani za inchi 18, wati 55 kila moja. Kwa saa 8 zote mbili zinakula yuniti 0.88, eyakondishana ikifanya kazi mfululizo ingekula kama 6. Upepo wa mita 1 kwa sekunde hufanya mwili uhisi kama digrii 3 zimepungua, na hilo ndilo tulilotaka.

Mahali pa kuzifunga pana maana. Watu huweka feni nyuma ya fundi. Mwili unakata upepo, na mbele ya kifua panatokea mzunguko unaovuta vumbi hadi puani. Iweke ubavuni: upepo unapita mbele ya uso na kuondoka na vumbi. Zote zimefungwa mita 1.6 kutoka sakafuni, zikipuliza kuelekea magharibi. Siku ya vanishi zinazimwa dakika 20 kabla ya kuanza, vumbi lipate kutua.

Februari, wiki ya 4: umeme

Kazi hii amepewa fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati na petroli. Tunaandika sababu za kila kipimo ili atakayekuja kuongeza mashine ajue mpaka uko wapi.

Mzigo mkubwa kwa pamoja: msumeno wa wati 1,500, feni na taa karibu 200, chaja na redio, mashine ya kukereza ya wati 750 ikiwashwa juu ya hapo tunafika kama ampia 11. Kebo ya milimita za mraba 2.5 ingebeba hizo bila taabu. Tatizo ni mota inapoanza, inapovuta ampia 40 kwa muda mfupi. Kwa mita 18, kebo ya 2.5 inapoteza volti 13 hapo, taa zinafifia na mota inanguruma kabla ya kuanza. Kebo ya 4 inapoteza 8. Imechukuliwa ya 4, iliyovishwa nyaya za chuma, kwenye mfereji wa sentimita 60. Nusu ya mfereji ni mwamba wa matumbawe, kwa hiyo chini yake na juu yake kuna mchanga usio na mawe, kisha utepe wa onyo, kisha udongo.

Bodi ndogo ya banda: breka ya ampia 6 kwa taa (waya wa 1.5), breka ya 20 kwa soketi (waya wa 2.5), na kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampia 30 kinacholinda soketi peke yake. Taa zisiunganishwe nacho. Grainda ikivujisha umeme na kila kitu kikazimika pamoja, mtu anabaki gizani na diski bado inazunguka.

Nyumba ina nyaya za zamani, nyekundu na nyeusi. Za banda ni kahawia na buluu. Nyeusi ya zamani ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), lakini kwenye rangi mpya nyeusi inaweza kuwa na moto. Kibandiko cha maelezo kiko kwenye bodi zote mbili.

Machi: taa

Dirisha la upande wa kaskazini, mita 1.2 kwa 1, ndilo taa ya kwanza, na benchi iko chini yake. Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri linakuwa kaskazini, digrii 27 kutoka utosini. Chomozo la paa la sentimita 60 linatupa kivuli cha mita 1.2 ukutani saa hiyo. Dirisha lote linafichika, mwanga unaingia bila jua.

Hesabu ya taa za juu: mita za mraba 12, shabaha luksi 300, yaani lumeni 300 (lumeni ni kipimo cha mwanga) kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni lumeni 3,600 zinazofika mezani. Hazifiki zote, kwa kuta zilizopakwa chokaa na vumbi la kawaida, hufika kama 48 kwa kila 100. Kwa hiyo zinatakiwa 7,500. Tyubu za LED za futi 4, wati 18, lumeni 1,800: nne zinatoa 7,200. Zimetosha. Kuta zingebaki kijivu, zingehitajika tano au sita.

Safu ya kwanza, tyubu mbili, iko juu ya ukingo wa mbele wa benchi. Ikirudi nyuma ya fundi, kichwa chake kinatupa kivuli pale anapokata. Safu ya pili iko juu ya mashine ya kukereza. Zote zinaning'inia kwa minyororo usawa wa mita 2.3, mbali na foili. Kinachoua taa ya LED mara nyingi si LED zenyewe bali kapasita (kihifadhi chaji) ya kisanduku cha umeme kilicho ndani ya taa, ambayo maisha yake hupungua nusu kwa kila digrii 10 zinazoongezeka.

Vishikio ni vya plastiki vyenye mpira wa kuzuia maji, alama IP65. Vya chuma vya kawaida, kwa hewa ya hapa, huanza kutu kwenye vibanio kabla ya chochote kingine, na tyubu inaanza kuwakawaka ovyo.

Rangi ya mwanga: madukani ukisema tyubu tu utapewa ya kelvini 6500, nyeupe iliyoelekea buluu. Mvule chini yake unaonekana umepauka, na rangi ya vanishi unayochagua hapo itakushangaza ikifika sebuleni kwa mteja. Zimechukuliwa za 4000. Tyubu ziwe na CRI (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi) 80 au zaidi, taa ya benchi 90. Taa ya nje mlangoni ni ya 3000, kwa sababu mwanga mweupe mkali unavuta wadudu zaidi, na msimu wa kumbikumbi mabawa yanajaa kwenye vanishi mbichi.

Hapa ndipo pesa iliporudi dukani. Tyubu nne za kwanza zilikuwa za bei nafuu. Jaribio ni la sekunde tano: shika penseli, ipunge haraka chini ya taa. Mwanga ukiwa mzuri unaona ukungu mmoja laini. Ukiwa mbaya unaona penseli nyingi zilizojitenga, kama vijiti vya pepeo la mkono. Mbili kati ya nne zilionyesha vijiti. Taa hizo zinazima na kuwaka mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya umeme wetu wa hezi 50. Sebuleni ni kero ndogo. Kwenye mashine ya kukereza ni hatari: kichwa chenye meno manne ya kushikia kikizunguka mara 1,500 kwa dakika, meno 100 yanapita kila sekunde, na chini ya taa hiyo kichwa kinaonekana kimesimama. Mtu ananyoosha mkono. Zote nne zimebadilishwa, na juu ya mashine imeongezwa balbu moja iliyofaulu jaribio la penseli.

Kosa jingine la kawaida: kutia tyubu ya LED kwenye kishikio cha zamani chenye choki na stata, vifaa vya kuwashia tyubu za zamani. Toa vyote viwili. Halafu soma kwenye tyubu umeme unaingia upande gani; kuna zinazoingiza pande zote mbili, na kuna zinazoingiza waya wa moto na nyutro upande mmoja. Ukigeuza, breka inaruka papo hapo, au tyubu haiwaki na unailaumu bure.

Taa tuliyoipenda kuliko zote ni ndogo: futi 2, wati 9, imelazwa sentimita 8 tu juu ya uso wa benchi upande wa dirisha, na swichi yake peke yake. Mwanga wake unapita ubavuni mwa mbao karibu sambamba nao. Ubao ulioonekana laini chini ya taa za juu, ukiwasha hii unaona kila mkwaruzo wa msasa namba 80 ambao namba 120 haikuufuta, kila wimbi la randa, na chini ya jani la nakshi ule ukingo ambao patasi iliruka. Zima taa za juu unapoitumia.

Aprili: kabati la patasi

Mvua zimeanza. Usiku hewa ni digrii 27, unyevu asilimia 80, na patasi iliyoshikwa kwa mkono wa jasho jioni ina alama za vidole za rangi ya chai asubuhi. Hii ndiyo kazi ya hita. Hewa ileile ukiipasha digrii 4 au 5, unyevu wake unashuka hadi asilimia 62 hivi, na kutu inapungua kasi.

Kabati ni plaiwudi ya milimita 12, sentimita 120 kwa 80 kwa 35. Ndani iliwekwa balbu ya oveni ya wati 15. Matokeo: digrii 1.5 tu zilizoongezeka, unyevu 73. Plaiwudi nyembamba ilikuwa ikipitisha joto lote nje. Kuongeza balbu hadi wati 50 kungefaa, lakini ni yuniti 1.2 kwa siku, mara tatu ya taa zote nne zikiwashwa saa 6. Badala yake kabati limetandikwa ndani fomu nyeupe (povu gumu la plastiki) ya milimita 25, isipokuwa chini, palipo na bamba la chuma, balbu, na kizimba cha wavu sentimita 15 kuizunguka. Fomu hiyo inashika moto upesi. Balbu ileile ya wati 15 sasa inaongeza digrii 4.5. Yuniti 0.36 kwa siku.

Husemwa kwamba LED haifai hapa kwa kuwa haitoi joto. Ndani ya kabati lililofungwa, wati 9 za LED ni wati 9 za joto kama za kitu kingine chochote. Haifai kwa sababu kisanduku chake hakivumilii joto hilo mwaka mzima. Waya wa balbu ya oveni haujali.

Patasi bado zinapanguswa kwa kitambaa chenye mafuta ya mashine kabla ya kuingia. Balbu haiondoi chumvi ya jasho.

Mei, wiki ya 2: marekebisho

Mjusi aliingia kwenye kishikio cha pili kupitia tundu la kebo ambalo halikufungwa glandi (kizibo kinachobana kebo), akakauka kati ya vibanio, breka ya 6 ikaruka mara tatu kabla hajaonekana. Glandi zimewekwa zote nne. Sisimizi wameanza kuhamia kwenye swichi ya mlangoni. Ukingo wa kisanduku utazibwa kwa silikoni pande tatu, wa chini ubaki wazi maji yatoke.

Kusi imeshika. Saa 8 mchana, nje 28, ndani 29, feni zote mbili zimezimwa. Mvua ya upande inaingia kupitia tofali la matundu la mashariki na kulowesha sakafu nusu mita. Itatengenezwa luva ya mbao yenye mteremko wa digrii 45 kwa nje, mbao sita za sentimita 10, na eneo lililo wazi lipimwe upya baada ya hapo.